Redio Haitoki kwa Mama Mkwe

Usikae kwanza, msomaji. Obiero mwenyewe bado amesimama palepale tulipomwacha juma lililopita, mbele ya meza ya Bwana Enos, mhariri wa gazeti la Tarumbeta hapa Kisumu, na lile swali lililomkausha mate bado halijajibiwa.

"Nakuuliza tena, Obiero. Redio iko wapi?"

"Redio... iko kwenye majaribio, Bwana Mhariri."

"Majaribio ya miezi sita?"

"Najaribu kama inadumu."

Haya, kwa wale ambao gazeti la juma lililopita lilifungia dagaa wa omena kabla hawajalisoma: huyu Obiero ndiye "Jicho la Fundi," mwandishi wa ule ukurasa wa mitambo. Watu wa Kisumu hawanunui redio, pasi wala saa ya mkono kabla ya kuusoma. Jina lake la kweli halijulikani nje ya ofisi, isipokuwa kwa mkewe Beldina. Wiki ya Pasaka aliisifu redio aina ya Mfalme mpaka utepe wa taipureta ukaisha wino. Redio yenyewe alipewa na Bwana Walubengo, mwenye duka la Kondele, aijaribu wiki mbili kisha airudishe.

Hakuirudisha. Wala hakuijaribu! Alisoma maandishi ya kwenye katoni, akayatia chumvi, akapeleka kuchapwa.

Na huyo Walubengo, kwa bahati tu, ndiye mwenye tangazo la ukurasa wa mwisho kila wiki. Kwa bahati tu. Mimi sisemi kitu. Mimi ninayekusimulia sijawahi kupewa redio na mtu yeyote. Nimengoja sana, sijapewa.

"Soma hii," Bwana Enos akamsukumia barua.

Obiero akasoma kwa sauti, na sauti ikawa inapungua kila mstari.

"Kwa Mhariri. Hii ni barua yangu ya tano. Jicho la Fundi wako lina kengeza, linatazama upande wa Mfalme tu. Anasema redio hiyo inashika stesheni kama vile mtangazaji ameketi kwako sebuleni. Yangu haishiki mpaka mtu asimame ameikamata antena kwa mkono. Ukiiachia, kimya. Mwambie alete redio yake Kondele, na mimi nilete yangu, watu wasikie kwa masikio yao. Ni mimi, Mwenye Masikio, Kisian."

Obiero akajaribu kucheka. "Hawa ni watu wa Jogoo hawa, Bwana Mhariri."

Na kweli, siku hizo mji ulikuwa umegawanyika. Kuna waliokuwa na redio Mfalme na kuna waliokuwa na redio Jogoo, na hawakuwa wanaamkiana vizuri. Obiero akisifu kitufe kimoja tu cha Jogoo, watu wa Mfalme wanaandika kwamba amenunuliwa. Akisifu Mfalme, watu wa Jogoo wanaandika maneno yaleyale, wamebadilisha jina tu. Kila mtu aliupima ukweli wa Jicho la Fundi kwa ile redio aliyokwisha kuinunua.

"Hata wakiwa watu wa bata!" Bwana Enos akapiga meza. "Gazeti langu halihongwi! Nimekubali. Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya duka la Walubengo. Hassan fundi ataziwasha zote mbili mbele ya watu. Utaleta redio ileile uliyopewa. Namba yake ya mgongoni ninayo hapa. Usipoileta, Jicho la Fundi limepofuka, na wewe ukatafute kazi ya kupara samaki."

Jumamosi! Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi!

Sasa sogea karibu nikwambie redio ilikuwa wapi. Ilikuwa Kisian, nyumbani kwa Mama Dorca, mama yake Beldina. Obiero alimpelekea Pasaka, imefungwa kwa karatasi ya maua, na boma zima likampigia vigelegele. Mkwe ameleta redio! Mkwe wa gazeti!

Na desturi unaijua. Kitu alichopewa mama mkwe hakirudi. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe akaanza kupekua, hamtazami usoni, hambishii, na hata akitaka chumvi anamwambia mkewe, mkewe ndiye anamwambia mama. Kumwomba redio uliyompa? Afadhali uiombe mvua irudi mawinguni.

"Nenda wewe," Obiero akambembeleza mkewe jioni hiyo. "Mwambie naiazima tu."

"Yawa, Baba Tom! Mtu anaazima kitu amepeana?"

"Mwambie naipeleka kusafishwa."

"Ulipewa uijaribu ukampelekea mama yangu akuone mwanamume. Sasa unataka mimi nimvue zawadi mchana kweupe? Tutaenda wawili. Aibu tutagawana."

Ijumaa asubuhi wakafika Kisian. Obiero akawekewa kiti upenuni mwa ghala, kiti chenye kitambaa cha kufuma, mbali kidogo na nyumba, kama inavyostahili. Mama Dorca akamsalimu kutoka mlangoni, macho yametazama mihogo iliyoanikwa uani.

"Baba Tom, umefika?"

"Nimefika, Mama."

"Karibu sana. Watoto wako wazima?"

"Wazima, Mama."

Kabla hajapumua, alisikia kuku analia nyuma ya nyumba. Obiero akashika kichwa. Amechinjiwa kuku! Sasa mtu aliyechinjiwa kuku anaanzaje kudai redio?

Jikoni, Beldina na mama yake walikuwa wananyonyoa manyoya. Ukuta ni wa udongo, dirisha halina kioo, na Obiero ana masikio.

"Mama, ile redio inaendeleaje?" Beldina akaanza taratibu.

"Redio gani? Ile sanduku?" Sauti ya Mama Dorca ilipanda. "Nimeandika barua tano, nyathina, mwanangu! Tano! Kwa huyo mwongo wa Jicho la Fundi!"

Upenuni, Obiero akakaribia kuanguka na kiti.

Ndiyo, msomaji. Mwenye Masikio wa Kisian alikuwa mama mkwe wake mwenyewe!

"Lakini Mama, redio ni kitu kidogo..."

"Kidogo?" Sasa sauti ya Mama Dorca haikuwa ya hasira. "Siku ya matangazo ya vifo nilikuwa nimeketi hapa hapa. Mtangazaji akasema, 'Tunasikitika kutangaza kifo cha Mama Rispa...' Nikaruka. Nikaachia antena. Kimya. Nikashika, nikapiga, nikaizungusha, kimya. Nikasema Rispa ni wengi. Kumbe ni Rispa dada yangu, wa Luanda Kotieno. Walimzika Jumamosi. Mimi nilipata habari Jumatano."

"Mama, hukuniambia hivyo. Uliponipa habari za msiba, ulisema ulikuwa mgonjwa."

"Ningesema nini? Kule wanasema Dorca alikataa kuja kumzika dada yake. Wananiambia na macho tu. Nitawaambia ni redio? Nani ataamini, na gazeti limesema Mfalme ni redio bora?"

Obiero aliinamisha kichwa. Alikumbuka jinsi alivyoandika yale makala, miguu juu ya meza, soda mkononi, akicheka peke yake. Aliumia. Kuku alipoletwa, pamoja na firigisi yake ya heshima, alidokoa mara mbili akafunika sahani.

Walipokuwa wanaaga, Mama Dorca akamwita kwa mbali na kumtumia bahasha kwa mkono wa Beldina.

"Baba Tom, wewe uko pale Tarumbeta, si ndiyo? Upande wa matangazo?"

Ndivyo alivyomdanganya siku zote. "Ndiyo, Mama."

"Hii ni barua ya sita. Nimechoka na stempu. Kesho mpe mhariri mkononi, mbele ya watu. Isifunguliwe kabla. Na mimi nitakuja Kondele na redio yangu."

"Ndiyo, Mama."

Mkwe angesema nini kingine? Akaitia mfukoni barua ya kumchongea yeye mwenyewe, akasema asante.

Sasa hesabu nawe. Kesho zinatakiwa redio mbili, na redio ni moja! Ileile aliyopaswa kuileta kujitetea ndiyo itakayoletwa kumshtaki!

Alasiri hiyohiyo akakimbilia duka la Walubengo, jasho linamtiririka. Walubengo alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi tumbo likagonga kaunta.

"Bwana Obiero! Unalilia redio moja na mimi ninazo arobaini?" Akainama, akatoa Mfalme mpya inayong'aa. "Shika. Kesho leta hii. Itaimba kama kwaya."

"Lakini Mfalme haziimbi, Bwana Walubengo. Ile ya..." Akajizuia. "Nasikia haziimbi."

Walubengo akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Hii itaimba. Ganda ni la Mfalme. Matumbo ni ya Jogoo. Nimefanya kazi hiyo mwenyewe jana, nilipopata habari za Jumamosi. Na namba yako nimeichonga mgongoni. Wewe kazi yako ni moja tu kesho: nyamaza."

Yaani alichopaswa kufanya ili kuokoa kazi kilikuwa kufunga mdomo. Kazi hiyo Obiero aliijua vizuri. Alikuwa ameifanya miezi sita.

Jumamosi saa nne, Kondele ilijaa. Wauza mitumba waliacha marundo, waendesha baiskeli za abiria walipanda juu ya baiskeli zao waone vizuri. Upande huu watu wa Mfalme, upande ule watu wa Jogoo, na katikati meza ya Hassan fundi, kofia yake nyeupe kichwani na bisibisi sikioni. Hassan ni mtu ambaye redio ya jirani yake ikiwa mbovu anamwambia ni mbovu, na ndiyo maana hajatajirika.

"Mabibi na mabwana!" Bwana Enos akainua mikono. "Leo mtajua kwamba Tarumbeta halina mchezo!"

Hassan akaiwasha redio ya Obiero. Lo! Muziki ulipasua anga. Bendi ikapiga, magitaa yakalia, watu wa Mfalme wakaanza kucheza na kuwazomea wenzao.

"Mnasikia?" Walubengo akapaza sauti. "Mfalme ni Mfalme!"

Kisha Mama Dorca akapita katikati ya watu, redio yake imefunikwa kwa leso, akaiweka mezani. Hassan akaiwasha. Ikakohoa. Ikatoa sauti ya mafuta yanayokaanga samaki. Akashika antena, mtu mmoja akasikika akisoma habari, akaiachia, kimya.

Vicheko!

"Mama," Walubengo akasema kwa upole wa kuudhi, "mtambo unataka mtu mwenye elimu. Hii labda umeweka karibu na moto. Labda kuku wamelalia. Usilaumu gazeti."

"Mama mzee arudi akalime!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakaitikia.

Mama Dorca alikunja leso yake mara moja, mara mbili, akaibana kwapani. Mama aliyekosa mazishi ya dada yake anachekwa Kondele kwa sababu ya maneno ya kwenye katoni.

Obiero akajiambia nyamaza. Akajiambia tena nyamaza. Watoto wanataka karo. Nyumba ni ya kupanga.

"Hassan," akasikia sauti, na kumbe ni yake. "Fungua mgongo."

"Wa redio ya Mama?"

"Wa redio yangu. Fungua."

Walubengo akaruka. "Haina haja! Udhamini unaharibika!"

Lakini bisibisi ya Hassan ilikwisha ingia. Skrubu nne, kifuniko kikatoka, Hassan akachungulia, akainua uso taratibu.

"Wallahi," akasema. "Humu ndani mmeandikwa Jogoo."

Ah, msomaji, hizo kelele! Watu wa Jogoo walirukaruka kama wamefunga bao. Watu wa Mfalme walitazama viatu vyao. Mmoja wao akasema hata hivyo ganda ni zuri.

"Hiyo si redio niliyopewa," Obiero akasema, sasa kwa nguvu. "Niliyopewa ni hiyo ya Mama. Linganisheni namba, Bwana Mhariri anayo; hii nyingine imechongwa namba hiyohiyo dukani. Mimi ndiye Jicho la Fundi. Na sikuijaribu. Hata dakika moja sikuiwasha. Nilisoma katoni."

Bwana Enos alikuwa ameshika karatasi ya namba, mdomo wazi. "Na... na huyu mama aliipata wapi?"

"Nilimpa mimi. Ni mama mkwe wangu."

Hapo wanawake walifunika midomo. Kusema uongo gazetini, sawa, watu huzoea. Lakini mbele ya mama mkwe!

Mama Dorca hakumtazama. Alimgeukia fundi, kama desturi inavyotaka, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Hassan mwanangu, mwambie Baba Tom kwamba nilijua tangu barua ya kwanza."

Hassan akamgeukia Obiero. "Baba Tom, Mama anasema alijua tangu barua ya kwanza."

"Mwambie gazeti lake lilisema kuna mama mzee wa Kisian alisikia Mfalme akacheza dansi mpaka kilemba kikaanguka. Kisian Mfalme ni moja, ni yangu. Na mimi sijacheza dansi tangu nilipobatizwa."

Kicheko kilipita, lakini si cha kumcheka yeye.

"Mwambie mama mkwe hamgombezi mkwe wake uso kwa uso. Hiyo haifanyiki. Sasa mimi ningefanya nini? Nilinunua stempu."

Hassan hakuhitaji kurudia. Obiero alikuwa amefunika uso kwa viganja, na machozi yalipita katikati ya vidole. Barua tano! Siku zote hizo mama wa watu alikuwa anamgombeza kwa adabu, na yeye zile nne za kwanza, zilizoletwa mezani kwake, alizitupa kapuni.

"Mwambie," Mama Dorca akamalizia, sauti yake imelainika, "leo ameandika vizuri."

Bwana Enos akaona nafasi yake. Akapanda juu ya kreti ya soda.

"Ndugu wasomaji! Mmeona wenyewe! Obiero, kuanzia sasa umefutwa kazi! Mchafu alikuwa mmoja, na mmoja huyo nimemtoa! Tarumbeta ni safi kama maji ya..."

"Hassan," Mama Dorca akamkata. "Mkumbushe Baba Tom ana barua yangu mfukoni."

Obiero akaikumbuka. Akaitoa, imelowa jasho, akamnyoshea mhariri.

"Nitaisoma ofisini," Bwana Enos akasema, akiikunja.

"Isomwe hapa!" umati ukapiga kelele, Jogoo na Mfalme kwa sauti moja, mara ya kwanza mwaka huo. Muuza mitumba mmoja akaipokonya, akampa Hassan. Hassan akapasua bahasha.

"Kwa Mhariri," akasoma. "Barua hii haimhusu mkwe wangu. Naye nimemaliza. Inahusu ile televisheni ya rangi iliyo sebuleni kwako, iliyotoka duka la Walubengo, ambayo kila sisi akina mama wa kanisa tukija kwa mkeo kwa maombi tunaambiwa bado unaijaribu. Huu ni mwaka wa tatu. Nauliza tu, majaribio yanaisha lini?"

Nyuma yao, mlango wa chuma wa duka ukaanza kushuka. Walubengo alikuwa anafunga, saa nne na nusu asubuhi, siku ya soko!

"Uongo!" Bwana Enos alipiga kelele, jasho limemtoka kwenye paji la uso. "Kejeli tupu! Nani ameiona hiyo televisheni? Nani? Shahidi ajitokeze!"

"Pisheni," ikajibu sauti ya mwanamke kutoka nyuma. "Pisheni mkokoteni upite."

Umati ukafunguka. Alikuwa Milka, mke wa Bwana Enos, amevaa sare ya akina mama wa kanisa, na nyuma yake mwanamume anasukuma mkokoteni wenye kitu kikubwa cha mraba, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Mama Dorca, wakaitikiana kwa kichwa kama watu waliopanga jambo lao mapema. Kisha akavuta kitambaa, na kioo cha televisheni kikameremeta juani.

"Hassan mwanangu," Milka akasema, "ukimaliza na redio, washa na hii. Tangu Agosti watu wote ndani yake ni kijani."